Nilivyochoma CD za Kuharamisha Kura

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mmoja wa vijana wa Majengo, Mombasa, katika ile miaka ya misukosuko, swali lao la kwanza huwa lile lile: ulifika Somalia? Sikufika. Sikushika bunduki wala guruneti, na nikisema hivyo wengine huona wamepunjwa, maana ushuhuda walioutarajia ni wa porini, wa mtu aliyetoroka kambi usiku akatembea hadi mpakani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchoma CD. Nitaieleza, kwa sababu kupitia kwayo nilikuja kufahamu jambo ambalo wataalamu wa usalama hawaligusi sana: namna vijana wa mtaa mzima tulivyotolewa katika siasa kwa jina la dini, na nani aliyefaidika tulipokwisha kutoka.

Nilikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, yenye vichomeo viwili, katika chumba cha uani nyumbani kwa nyanya yangu. CD tupu zilikuja zimetungwa kwenye kijiti cha plastiki. Ukishachoma unaandika mada kwa kalamu ya wino mzito, unatia kwenye bahasha ya karatasi yenye kidirisha cha nailoni. Usiku wa kuamkia Ijumaa haukuwa na usingizi. Baada ya swala natandaza mkeka nje, baina ya muuza miswaki na muuza uturi, na redio ndogo nimeifungulia ili wapitao wasikie kionjo. Moja shilingi hamsini. Zile za twahara, za haki za mke na za namna ya kukafini maiti zilikaa mpaka zikashika vumbi. Zilizokwisha kabla ya alasiri zilikuwa za Iraq, za Palestina, za Somalia, na zile za hapa hapa kwetu: ardhi, vitambulisho, polisi.

Sauti niliyoichoma kuliko zote ni ya ustadh wetu wa darsa. Jina lake silitaji. Yuko hai, na ana watoto wasiokuwa na kosa. Lakini darsa zake lazima nizisemee kwa haki, kwa sababu wanaotuonya leo huzungumza kana kwamba tulilishwa uongo mtupu. Hatukulishwa uongo. Sehemu kubwa ya darsa ilikuwa kweli. Alieleza Mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kwamba Mahakama ya Kadhi itabaki na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa. Kisha atauliza: nani hapa ambaye babake ana hati? Mikono haikunyanyuka. Alieleza mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, jinsi chama cha Waislamu, IPK, kilivyonyimwa usajili kwa kuwa eti ni cha dini, kinara wake Sheikh Khalid Balala akatiwa ndani, na baadaye alipokuwa nje ya nchi akanyimwa pasipoti ya kurudia kwao. Alieleza mwanzo wa 2007, watu waliokimbia vita Somalia, wake kwa watoto, walivyokamatwa mpakani wakapakiwa kwenye ndege usiku bila kuonyeshwa mahakama. Hayo yote yametokea. Kijana ukienda kuulizia kwa wazee unaambiwa naam, ndivyo ilivyokuwa, na imani yako kwa ustadh inazidi.

Ujanja ulikuwa katika dakika za mwisho. Akishawaonyesha dhuluma, atageuka: na watu hawa ndio mnaokwenda kuwapigia kura? Bunge likitunga sheria limejifanya mshirika wa Mungu. Katiba ni sanamu la karatasi. Anayepiga kura ameshirikisha, na ndoa yake ina walakini. Tukitoka pale kifua kimejaa. Hasira yetu ilikuwa ya kisiasa kabisa, ya ardhi na kazi na askari anayekugeuza mifuko ukitoka swala ya isha. Ila kila mlango ambao raia huutumia kudai mambo hayo ulikuwa umeshapigwa muhuri wa kufuru. Uliobaki wazi ni mmoja, na haukuhitaji kutajwa.

Mwaka 2010 ilipokuja kura ya maamuzi ya katiba mpya, tulikuwa na msimamo wa ajabu ambao wakati huo sikuuona ajabu yake. Katiba ile, kifungu cha 170, iliihifadhi Mahakama ya Kadhi. Kwa sababu hiyo baadhi ya maaskofu na wachungaji waliikataa wakidai nchi inafanywa ya Kiislamu, ingawa kifungu cha 8 kinasema wazi kwamba Kenya haina dini ya taifa. Walifanya mikutano mikubwa. Mmoja, wa Juni 13 pale Uhuru Park, Nairobi, ulilipuliwa kwa mabomu na watu wakafa. Ustadh wetu naye aliikataa, ila kwa sababu iliyo kinyume: kadhi aliyetajwa katika katiba ya makafiri si kadhi. Kwa hivyo mchungaji wa Nairobi aliyetuona sisi ni tishio na ustadh wa Majengo aliyemwona yeye ni adui walikuwa upande mmoja bila kupeana mikono. Agosti 4 katiba ilipita kwa yapata theluthi mbili ya kura. Mimi nilishinda nyumbani siku hiyo, nimejawa na fahari ya mtu aliyeshinda mtihani.

Kisha mambo yakashika kasi. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia. Julai 2012 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyetuhumiwa kuwaunga mkono Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia, na tarehe 27 Agosti aliuawa kwa risasi mchana, Bamburi, akiwa ndani ya gari na familia yake. Mombasa iliwaka kwa siku kadhaa. Makanisa yalivunjwa na kuporwa, askari wakauawa kwa guruneti. Hakuna aliyehukumiwa kwa kumuua Rogo hadi leo, na hilo, zaidi ya darsa yoyote niliyowahi kuichoma, ndilo lililojaza mkeka wangu wateja. Wiki zile sikuweza kukidhi mahitaji. Aliyeuawa bila hukumu huwa hakosolewi tena. Kila alilowahi kusema linakuwa wasia.

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, alikuja uani kijana mmoja amevaa koti la jinzi katika joto la kaskazi. Chini ya koti ilikuwa ikichungulia kola ya fulana ya mgombea. Alisalimu kwa adabu, akavua viatu, akakaa juu ya ndoo niliyokuwa nakalia mwenyewe.

"Ami, ile ya kura unayo?"

Nikamwambia ninayo. Akataka mamia. Nikamweleza kwamba mzigo huo utahitaji CD tupu nyingi na nitakesha siku kadhaa. Akahesabu pesa zote papo hapo, noti mpya ambazo hazijakunjwa, wala hakuomba kupunguziwa. Nikamuuliza atazipeleka wapi. Akataja mitaa miwili, akasisitiza zisitoke nje ya hiyo miwili.

"Ni sadaka tu, shekhe. Zigawe bure msikitini."

Nilifurahi sana. Nilimhadithia nyanya kwamba hata watu wa siasa sasa wanaongoka. Nyanya alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. "Hao?" alisema, akaendelea na mbuzi yake. Siku zile zile darsa yetu ilipata spika mpya na jenereta. Nami sikuuliza zimetoka wapi.

Mgombea yule simtaji pia, na si kwa kumhofia. Ni kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa lake peke yake. Mitaa ile miwili ilikuwa ngome ya mpinzani wake. Kwenye ngome yake mwenyewe hakupeleka CD hata moja. Kule alipeleka matatu za kubebea wapiga kura. Mimi niliyejiona nimeipa siasa mgongo nilikuwa nimeajiriwa na kampeni, tena kwa bei ya jumla.

Hilo sikulitambua siku ile. Lilinichukua zaidi ya mwaka, na katika mwaka huo palitokea mambo mengi ambayo yangenifumbua macho mapema lau ningetaka.

Jirani yetu, mama mjane anayepika mahamri, mwanawe aliaga kwamba amepata kazi Nairobi. Muda ukapita. Siku moja simu ikalia, nambari ya nje, na sauti ya kijana asiyemjua ikamwambia: hongera, mama, mwanao yuko peponi. Alikuja nyumbani kwetu na simu mkononi, akamuuliza nyanya yangu, "Hongera ya nini, bibi? Hongera ya nini?" Alitaka kusomewa hitma. Vijana wa maskani, mimi nikiwamo, tukaenda kumweleza kwa upole kwamba hitma ni bidaa, na shahidi haliliwi. Hatukumwachia hata matanga yake. Nimemwomba radhi na amenisamehe, au anasema amenisamehe; kila asubuhi hunifungia mahamri na mbaazi, na wala hapokei pesa.

Septemba 21, 2013 likatokea shambulio la Westgate, jengo la maduka Nairobi, watu 67 wakauawa. Mwanzoni mwa Oktoba akauawa Sheikh Ibrahim Omar, aliyeshika nafasi ya Rogo katika darsa za Masjid Musa, na kesho yake kanisa la Jeshi la Wokovu hapo Majengo likachomwa moto. Lilikuwa kanisa la jirani zetu. Watoto wao tulicheza nao mpira wa makaratasi. Februari 2, 2014 polisi walivamia Masjid Musa, wakaingia ndani na viatu, wakakamata zaidi ya watu mia. Wenzetu wakaubandika msikiti jina jipya, Masjid Shuhadaa. Aprili 1 akauawa mhubiri mwingine, Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Kila mauaji yalikuwa darsa mpya, na kila darsa ilikuwa CD mpya.

Lililonivunja ni kifo cha mtu ambaye mauaji yake hayakuuza CD yoyote. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alikuwa mzee aliyesema waziwazi kwamba vijana wanapotoshwa, na vijana walikuwa wameshamtoa kwa nguvu katika msikiti wa Sakina. Juni 10, 2014 alipigwa risasi Likoni. Habari ilitufikia tukiwa tumekaa maskani tunakunywa kahawa chungu. Mmoja akasema, "Amevuna alichopanda." Wengine wakatikisa vichwa. Nikangoja. Mwislamu akisikia kifo, hata cha mlevi aliyegongwa na gari, ulimi wake wenyewe husema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Tulikuwa pale watu wengi, wenye ndevu na kanzu fupi, tunaojua hadithi kwa wapokezi wake, na hakuna aliyelisema. Nililisema mimi, kwa sauti ndogo, wakanitazama. Nikaondoka kabla kikombe hakijaisha.

Siku tano baadaye yakatokea mauaji ya Mpeketoni, Lamu. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema hapana, ni mitandao ya kisiasa ya wenyeji. Gavana wa Lamu akakamatwa, kisha ikaonekana hakuna ushahidi wa kumshtaki. Zaidi ya watu 60 walikuwa wameuawa katika muda wa siku chache, na nchi ikashughulika na nani wa kulaumiwa kati ya Jubilee, muungano wa serikali, na CORD, wa upinzani. Hapo ndipo yule kijana wa koti la jinzi aliponirudia akilini, pamoja na ile mitaa miwili. Nikaona kwamba wenye bunduki wanawahitaji wanasiasa wawe wabaya, na wanasiasa wengine wanawahitaji wenye bunduki wawepo, na sisi vijana wa katikati kazi yetu ni kutokuwa kwenye daftari la wapiga kura. Kijana asiyepiga kura haombwi chochote wala haogopwi na mtu. Anayetaka kumtupa atamtupa.

Sitaki isomeke kana kwamba nilibadilika siku moja. Niliacha kuuza lakini sikuacha kusikiliza. Niliendelea kuamini kwamba kura ni haramu, ila sikuwa tena na uhakika kwamba aliyeniambia alikuwa ananitakia akhera.

Novemba 2014 polisi walipovamia misikiti kadhaa Majengo na Kisauni, nami nilizolewa. Nilikaa katika kituo kimoja siku kadhaa, nikapigwa nyayo, kompyuta ikachukuliwa, nikaachiliwa bila mashtaka na bila kompyuta. Nasema hili bila kulipamba: nilipotoka, nilikuwa karibu zaidi na Somalia kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Aliyekuwa amebaki wa kunirudisha ni aliyenifundisha Kurani utotoni, Maalim wa chuo cha mtaani, mzee ambaye ustadh wetu alimwita mpagawa wa maulidi. Alikuja kunijulia hali na chupa ya mafuta ya nazi ya kunisugua nyayo.

Hakunihubiria. Alinisugua miguu, huku akinisimulia kisa cha Nabii Yusuf kama alivyotusimulia tulipokuwa wadogo, mpaka alipofika pale Yusuf anapotoka gerezani. Akauliza, "Mwanangu, mfalme wa Misri alikuwa Mwislamu?" Nikasema hapana. "Na Yusuf aliomba kazi gani?" Ya kusimamia hazina ya nchi. "Alishirikisha?" Nikanyamaza. Akaniuliza maswahaba wa kwanza waliokimbia Makka walikwenda kuomba hifadhi kwa nani. Kwa Najashi wa Habasha, mfalme Mkristo. Visa hivyo nilivijua tangu nina miaka saba. Darsa zilizonipita masikioni kwa miaka zilikuwa zimeviruka vyote viwili, na mimi niliyezichoma sikuwahi kugundua pengo.

Halafu Maalim akaingia kwenye mambo ya mtaa, na nadhani huko ndiko aliponipata. Mfereji wetu ulikuwa haujatoa maji tangu lini? Twanunua mitungi kwa mkokoteni. Tangu 2013 maji ni kazi ya serikali ya kaunti. Bajeti ya kaunti hupitishwa na nani? Na mwakilishi wetu wa wadi alichaguliwa kwa kura za nani, ikiwa vijana wote wa msikitini wamekaa kitako? "Hao waliokupiga nyayo," akasema, "mkubwa wao anaitwa bungeni kuhojiwa na wabunge. Na wewe huna mbunge. Umemwachia mwenzio."

Kuna jambo la kumjibu Maalim, na nilimjibu: tukifuata sheria, sheria inatufuata sisi? Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya Aprili 2, 2015 yaliyochukua roho 148, serikali iliyaweka mashirika mawili ya haki ya hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa, katika orodha ya washukiwa wa ugaidi na kuyafungia akaunti. Haya ni mashirika yaliyokuwa yakiwaambia wazazi: msilipize, nendeni kortini. Ukitaka kumsaidia ustadh wetu kushinda mjadala, hakuna njia bora kuliko hiyo. Lakini mashirika yenyewe yalikwenda kortini, na mwaka huo huo Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwa upande wao. Nililifuatilia shauri lile kama wengine wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Mwisho wa 2016 Haki Africa ilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotezwa kuanzia 2012. Baadhi ya majina yale niliwahi kuyauzia CD.

Nilijiandikisha kabla ya uchaguzi wa 2017. Kitambulisho kwanza kilikuwa kimenitesa, nikatakiwa kuleta karatasi za babu aliyezaliwa wakati hakuna mtu aliyeandika watoto, na kila nilipozungushwa nilimsikia ustadh akicheka. Agosti 8 nilipanga foleni na nyanya. Alikuwa amepiga kura tangu uhuru, na alinionyesha namna ya kukunja karatasi. Niliyempigia kura alishindwa. Wenzangu wa zamani walinicheka, na walizidi kunicheka mambo ya urais yalipokwenda mahakamani. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Lile nililofundishwa kuwa ni sanamu la karatasi lilikuwa limemwambia mkuu wa nchi kwamba ushindi wake ni batili. Uchaguzi wa marudio ulikuwa na kasoro zake nyingi, hilo nalijua. Ila hakuna CD niliyowahi kuichoma iliyoeleza kwamba jambo kama lile laweza kutokea bila tone la damu katika chumba kile cha mahakama.

Leo naendesha tuktuk, na niko katika kamati ya msikiti mdogo. Huitwa katika semina za kupambana na itikadi kali. Wacha niseme ninavyoziona. Hufanywa hotelini ufuoni, meza zina vitambaa vyeupe, kuna maji ya chupa na nauli katika bahasha. Wanaoalikwa ni vijana wale wale, wenye vyeti vya semina zilizotangulia, ambao hata siku moja hawakuwa hatarini. Mada hutolewa kwa maneno ambayo hata mimi niliyekuwamo siyafahamu. Neno siasa halitajwi, kwa sababu mfadhili hataki siasa. Basi tunafundishwa kwamba dini ni amani, tunapiga picha, tunakula biriani. Kijana ambaye shida yake ni hati ya ardhi anarudi nyumbani na fulana. Ukiniuliza mimi, fedha za semina moja kama hiyo zingetosha kulipa wakili wa familia kadhaa katika zile 81.

Na asifikiri mtu kwamba haya ni ya Waislamu peke yao. Mwaka 2023, huko Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao waliokufa kwa njaa, ambaye amefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo. Nilipoanza kusoma habari zake, kilichonishtua si njaa. Ni mahubiri yake ya miaka iliyotangulia. Alikuwa akiwaambia watu Huduma Namba, ule usajili wa raia wa kidijitali wa serikali, ni alama ya mnyama, shule ni za shetani, hospitali zisiguswe. Wakawatoa watoto shuleni. Wakajitoa katika kila daftari ambalo serikali ingewahesabu humo. Walipoanza kufa, hakukuwa na mwalimu wa kuuliza mbona mtoto haji, wala daktari, wala diwani wa kulalamikiwa. Niliitambua njia ile hatua kwa hatua. Kwetu mwisho wake ulikuwa risasi, kwao ukawa njaa, ila kianzio ni kimoja: mhubiri kwanza anakutoa mahali unapohesabika.

Wapo wanaosema dawa ni kuipiga marufuku dini katika siasa. Katiba yetu tayari, katika kifungu cha 91, inazuia chama kujengwa juu ya dini, na sina ugomvi na kifungu hicho. Lakini Mwislamu wa Majengo akidai hati ya ardhi hajaleta dini katika siasa, na imamu akiwahimiza watu wajiandikishe hajavunja sheria. Sisi tuliharibikiwa pale siasa ilipokatazwa msikitini ikabaki dhuluma peke yake bila pa kuipeleka. Katika msikiti wetu sasa, bajeti ya kaunti ikitangazwa kwa maoni ya wananchi, husomwa baada ya swala ya isha, ukurasa wa wadi yetu. Wengine husinzia. Wengine huuliza maswali makali hadi mwakilishi wa wadi akatafuta njia ya kutokea. Maji bado hayajafika nyumba zote. Mtaa wa nyuma yanatoka siku mbili kwa wiki.

Ustadh wetu tulikutana naye mwaka jana katika maziko. Ameota mvi. Tukasalimiana, akaniuliza habari za nyanya, nikamwambia alishatangulia mbele ya haki, akamrehemu. Hatukuzungumza mengine. Mwanawe mkubwa, nasikia, ametimiza miaka 18.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Serikali, kwa upande wake, ingali na deni kwa familia ambazo watoto wao walichukuliwa na magari yasiyo na nambari. Ziambiwe wako wapi, na wahusika wapelekwe kortini, kwa sababu hadi hapo sisi tunaozungumza na vijana hawa tunazungumza tukiwa tumefungwa mkono mmoja. Nanyi wazazi wa Majengo, Kisauni, Likoni na Kwale, kijana akitimiza umri mshikeni mkono mkamchukulie kitambulisho, hata mkizungushwa, kisha aende kujiandikisha. Na akija mtu barazani kwenu kuwagawia bure maneno ya kuharamisha kura, mkaribisheni kahawa, mumuulize pesa za kazi hiyo amezitoa nani.